Alama Nne kati ya Ishirini: Kisa cha Jibu Moja kuhusu Tom Robinson

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya umma, katika mji mmoja wa Marekani ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipokea familia za wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Jina la mji, la shule na la kila mhusika limeondolewa. Mwanafunzi nitamwita Neema, jina ambalo si lake, na mambo madogomadogo ya familia yake nimeyabadilisha bila kugusa yale yenye uzito. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi wa lugha: kazi yangu ilikuwa kukaa darasani na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, kuwafafanulia masomo, kuwaandalia msamiati, na kutafsiri wazazi wanapokutana na walimu. Nasema mapema kwamba kosa la kwanza katika kisa hiki lilikuwa langu.

Darasa lilikuwa la tisa, lenye wanafunzi 27, wanne kati yao wakiwa Wakongo. Neema alikuwa na miaka 15. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akaanza shule humohumo kambini, na alipofika Marekani alikuwa na miaka 11. Nyumbani walizungumza Kibembe na Kiswahili. Kiingereza chake cha kuzungumza kilikuwa kizuri kiasi kwamba walimu wengi walisahau kuwa hakukulia ndani ya lugha hiyo. Alichokikosa ni yale maneno ambayo mtu huyapata vitabuni tu, na ambayo mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza huyafahamu nusunusu hata kabla hajafundishwa.

Kitabu kilichokuwa kikisomwa ni To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee iliyotoka mwaka 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, na ambayo shule nyingi za Marekani bado zinaifundisha. Mwalimu wa somo, mwanamke Mzungu aliyekaa darasani zaidi ya miaka 20, alikuwa ameifundisha mara nyingi na aliipenda bila kuificha. Kuhusu lile tusi wanaloitwa watu Weusi katika riwaya hii, tusi ambalo limejaa vinywani mwa wahusika, alikuwa ameamua tangu siku ya kwanza kwamba halitasomwa kwa sauti na mtu yeyote, na sababu akaieleza waziwazi mbele ya wanafunzi. Uamuzi huo ulishikwa hadi mwisho wala haukuleta mgogoro. Nautaja kwa kuwa wengi hudhani kila tatizo la kufundisha kitabu hiki huanzia hapo. Letu halikuanzia hapo.

Kesi iliyomo ndani ya riwaya

Kwa ambaye hajaisoma, haya ndiyo yanayohitajika ili kukielewa kisa. Riwaya imewekwa katika mji wa kubuni wa Maycomb, jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1933 hadi 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Msimulizi ni Scout, binti wa wakili Atticus Finch, anayeyakumbuka ukubwani mambo aliyoyaona utotoni pamoja na kaka yake Jem na rafiki yao Dill. Atticus anateuliwa kumtetea Tom Robinson, Mmarekani Mweusi wa miaka 25, mwenye mke na watoto watatu, anayeshtakiwa kwa kumbaka Mayella Ewell, msichana Mzungu wa miaka 19. Kwa sheria ya Alabama ya wakati ule, adhabu ya kosa hilo iliweza kuwa kifo.

Ushahidi wote unazunguka kulia na kushoto. Sherifu Heck Tate anasimulia jinsi alivyomkuta Mayella amepigwa. Anasema jicho lilikuwa la kushoto, kisha anajisahihisha kwamba ni la kulia, upande wa kulia wa msichana mwenyewe, na kwamba shingoni alama za vidole zilizunguka koo lote. Hakuna daktari aliyeitwa. Baba wa msichana, Bob Ewell, anaombwa aandike jina lake nyuma ya bahasha, na jaji anaona pale pale kwamba anatumia mkono wa kushoto. Tom anapokwenda kuapa, mkono wake wa kushoto, ambao misuli yake ilichanwa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto, unateleza kutoka juu ya Biblia na kugonga meza ya karani.

Anachokieleza Tom ni kwamba alikuwa akimsaidia Mayella kazi ndogondogo bila kudai malipo, kwa sababu alimwonea huruma. Neno hilo ndilo linalomponza. Mwendesha mashtaka analidaka, kwa maana katika mji ule Mweusi kumwonea huruma Mzungu ni kujipandisha mahali asipowekwa. Baada ya saa kadhaa juri, yaani jopo la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wote wakiwa wanaume Wazungu, inamtia hatiani. Rufaa ikiwa bado inasubiriwa, Tom anapigwa risasi na askari magereza akijaribu kuruka uzio. Mwili wake una matundu 17.

Mfululizo wa matukio

Usomaji ulichukua wiki saba. Kabla ya sura za mahakamani niliandaa orodha ya msamiati ya kurasa mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Niliiandika usiku mmoja, kitabu kimefunguliwa kwenye sura za kesi, na kila neno nililitazama kwa macho ya mahakama: mshtakiwa, shahidi, kiapo, hukumu, rufaa. Nilipofika kwenye neno innocence niliandika bila kusita: hali ya kutokuwa na hatia. Nikaenda kwenye neno linalofuata.

Siku tuliyosoma ushahidi wa sherifu, Neema alimwomba jirani yake wa dawati asimame mbele yake. Akanyanyua mkono wa kushoto polepole hadi ukagusa shavu la kulia la mwenzake. Akaushusha, akajaribu kwa mkono wa kulia, ukaangukia shavu la kushoto. Kisha akaketi na kuchora vichwa viwili pembeni mwa daftari, kila kimoja na mshale wake. Darasa zima halikuhitaji maelezo mengine siku hiyo.

Mwishoni mwa wiki ya sita ilitolewa insha ya alama 20. Swali lilimtaka mwanafunzi achague mhusika mmoja na kuonyesha, kwa vifungu vitatu vya riwaya, jinsi mhusika huyo anavyoipoteza innocence yake. Mwongozo wa kusahihishia ulitaja majibu yaliyotarajiwa: Jem, ambaye anatoka mahakamani akilia, Scout, ambaye anajifunza kuwaona watu kwa jicho jingine, na Dill, ambaye machozi yanamtoka katikati ya kesi kwa jinsi mwendesha mashtaka anavyomsemesha Tom, hadi inabidi atolewe nje.

Neema alimchagua Tom Robinson. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, wenye makosa ya sarufi hapa na pale. Vifungu vyake vitatu vilikuwa jicho la kulia la Mayella, bahasha ya Bob Ewell, na ule mkono ulioteleza juu ya Biblia. Aya ya mwisho, nikiitafsiri, ilisema hivi: “Tom Robinson hakuipoteza. Alikuwa nayo kabla ya kesi, alikuwa nayo wakati wa kesi, na alikufa nayo. Walioipoteza ni wale kumi na wawili, kwa sababu kabla ya kupiga kura walikuwa bado hawajamfanyia kosa, na baada ya kupiga kura walikuwa wamemfanyia.”

Alipata alama 4. Pembeni mwalimu aliandika kwamba mwanafunzi hakulielewa neno kuu la swali, na kwamba arejee orodha yake ya msamiati. Alirejea. Orodha ilikuwa yangu, nayo ilimthibitishia kwamba alikuwa sahihi.

Hakulalamika. Aliacha tu kunyoosha mkono darasani, na mimi niliyekaa meta mbili kutoka alipo nilidhani ni uchovu wa majira ya baridi. Zilipita karibu wiki mbili. Jambo lilijulikana jioni ya mkutano wa wazazi, mama yake alipotoa kwenye mkoba ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kuilaza kwa kiganja. Mwalimu alikuwa bado na mzazi mwingine, kwa hiyo tulibaki wawili.

Nilitarajia swali la alama. Kumbe hofu yake ilikuwa nyingine: alidhani mtoto ameandika jambo baya juu ya Wazungu, na kwamba wino mwekundu ule ni onyo ambalo litaingia kwenye faili la familia. Nikamweleza kwamba si hivyo, na nikamsomea jibu lote kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Ule mwanaume, alifanya ile kosa?”

“Hapana, Mama. Hakuifanya.”

“Na mwalimu anajua hakuifanya?”

“Anajua. Ndivyo anavyofundisha.”

“Sasa, Mwalimu, kosa ya mutoto iko wapi?”

Nilikuwa nimeishika karatasi mkononi, na ndipo nilipoona kwamba kosa liko kwenye ukurasa wa pili wa orodha yangu: niliandika maana ya mahakamani tu, ilhali swali lilikuwa juu ya kuupoteza moyo wa kitoto.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu: nilimwendea mwalimu usiku uleule, kabla hajaketi na mama, nikamwonyesha mstari niliouandika. Ningeweza kusubiri na kuliacha jambo lionekane kuwa tofauti ya maoni kati ya mwalimu na mzazi. Sikufanya hivyo kwa sababu mzazi ambaye hasomi Kiingereza huingia mkutano wa aina hii akiwa na mtafsiri tu upande wake, na mtafsiri akianza kujificha nyuma ya tafsiri, mzazi hana mtu.

Uamuzi wa pili ulihusu alama. Sikuomba ibadilishwe pale pale, na mwalimu naye asingekubali. Hoja yake ilikuwa nzito na naiandika kwa haki yake: wanafunzi 27 walijibu swali moja, na iwapo mmoja atasahihishwa kwa swali jingine, wengine 26 wana haki ya kuuliza kwa nini. Tena dhana ya mtoto anayekua kwa kuuona ubaya wa dunia ni nguzo katika ufundishaji wa fasihi nchini mwao. Neema ataikuta tena katika kitabu kingine na katika mitihani, na kumpa alama bila kumfundisha dhana hiyo ni kumdhulumu kwa upole. Nilikubaliana naye, ila nikaongeza kwamba jibu la Neema si jibu la mtu ambaye hakuelewa kitabu. Alikuwa amelijibu swali ambalo karatasi yangu ilimuuliza, na alilijibu kwa ushahidi.

Tukaafikiana kwamba Neema ataitetea insha yake kwa mdomo, katika dakika 20 za mapumziko ya mchana, kwa lugha yoyote atakayopenda. Kuhusu lugha, mwalimu mwenyewe ndiye aliyekumbusha sura ya kanisani, ambamo Calpurnia, mpishi na mlezi wa watoto wa Finch, anaonekana akizungumza kwa namna moja nyumbani kwa Wazungu na kwa namna nyingine miongoni mwa watu wake, na Scout anashangaa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na maisha mawili. Neema aliipenda sura hiyo kuliko zote. Waumini wa kanisa lile hawana vitabu vya nyimbo, na wengi hawajui kusoma, kwa hiyo mtu mmoja husoma mstari na wote huufuata kwa kuimba. Aliposoma hapo alicheka peke yake na kuniambia kwamba kambini walikuwa wakiimba hivyohivyo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa mwalimu peke yake, naye aliufanya bila kuombwa: aliahirisha kipindi kimoja kilichopangiwa filamu ya mwaka 1962 iliyotokana na riwaya hii, akakitumia kufundisha historia ya juri za Alabama. Alisema kwamba katika miaka yote aliyoifundisha riwaya hii amekuwa akiuliza watoto wa Atticus walihisi nini, na hajawahi kutenga hata nusu saa kueleza wale wanaume 12 walipatikanaje.

Matokeo

Katika mahojiano yale Neema alianza kwa Kiingereza, akahamia Kiswahili mambo yalipokuwa magumu, na akarudi kwenye Kiingereza bila mtu kumwelekeza. Mwalimu hakumpa njia rahisi. Alimuuliza: je, ni kweli kwamba wale 12 hawakuwa na hatia kabla ya kupiga kura, au walikuja mahakamani jambo wamekwisha kulikata mioyoni mwao? Neema alinyamaza kwa muda, akafunua kurasa. Alikuwa anatafuta mahali ambapo Atticus anawaeleza watoto wake kwamba kati ya wanajuri alikuwamo mtu wa ukoo wa akina Cunningham, ambaye mwanzoni alitaka Tom aachiliwe kabisa, na ndiye aliyesababisha shauri lichukue saa nyingi. Alipopaona alisema, na hapa natafsiri: basi wale 11 hawakupoteza kitu, maana walikuja hawana cha kupoteza; aliyepoteza ni huyu mmoja, kwa sababu alijua.

Mwalimu aliandika sentensi hiyo kwenye daftari lake mwenyewe. Insha ilisahihishwa upya na kupata 17. Alama tatu zilikatwa kwa kutotaja kurasa na kwa vifungu viwili vilivyodokezwa tu bila kunukuliwa. Neema alipewa pia kazi fupi kuhusu Jem, ili ile dhana nyingine isimpite, na akaifanya vizuri lakini bila moto wowote.

Kipindi cha historia kilikwenda mbali kuliko kilivyopangwa. Mwalimu aliwafundisha kisa cha vijana tisa Weusi waliokamatwa Machi 1931 kwenye treni ya mizigo huko Paint Rock, Alabama, wakashtakiwa kwa kuwabaka wasichana wawili Wazungu, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo mjini Scottsboro katika muda wa siku chache za Aprili. Mmoja wa wasichana hao, Ruby Bates, alikana mahakamani mwaka 1933 kwamba walibakwa. Jaji James Horton aliyetengua hukumu ya mmoja wa washtakiwa mwaka huohuo, aliposimama tena kwenye uchaguzi, alishindwa. Aprili 1935 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwaondoa Weusi katika orodha za juri kulivunja katiba. Wakili wa utetezi, Samuel Leibowitz, alikuwa amelifikisha daftari la majina mbele ya majaji, na wakaangalia kwa kioo cha kukuzia jinsi majina ya watu Weusi yalivyochomekwa baadaye ili ionekane kwamba yalikuwamo tangu awali. Kesi ya Tom katika riwaya inaangukia majira ya joto ya mwaka huohuo. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma, asiyependa kuzungumza, aliuliza ikiwa Atticus alikuwa na habari ya uamuzi huo, na kama alikuwa nayo, mbona hakuipinga juri ile. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka.

Uchambuzi

Nianze na orodha. Kosa lake halikuwa tafsiri mbaya. Kutokuwa na hatia ni tafsiri sahihi kabisa ya neno lile mahakamani. Kosa lilikuwa kudhani kwamba neno moja la Kiingereza litajibiwa na neno moja la Kiswahili. Mwingereza akisema mtu ameshtakiwa bure, na akisema mtoto bado hajui ubaya wa dunia, hutumia neno lilelile. Sisi hatuna neno la namna hiyo. Wa kwanza tunasema hana hatia. Wa pili tunasema ni malaika, au bado ana moyo wa kitoto. Tena kuna jambo la ndani zaidi ambalo sikuliona hadi nilipojaribu kumfafanulia Neema ile dhana ya pili. Kiingereza husema mtoto wa namna ya Jem *amepoteza* kitu. Kiswahili husema amefumbuka macho, ameijua dunia. Kwetu ni kupata, tena wakati mwingine ni pongezi. Swali linalouliza kilichopotea lilimfikia mtoto ambaye lugha yake huhesabu jambo lilelile kwa upande wa mapato, na hakuna msamiati wa kurasa mbili unaoweza kuziba pengo hilo bila mtu kuketi na kulieleza.

Orodha ninayotumia sasa ina mistari mitatu mahali pale. Mstari wa tatu ulitokana na jina la riwaya. Ndege anayetajwa ni wa Amerika na hana jina la Kiswahili ninalolijua kutumika. Nilimwita ndege mwimbaji asiyeharibu mashamba, kwa kuwa ndivyo jirani Maudie anavyomweleza Scout kwa nini ni dhambi kumuua: hali mazao ya bustani, hajengi viota ghalani, anaimba tu. Mhariri wa gazeti la mji anapoandika juu ya kifo cha Tom, anakifananisha na kuuawa kwa ndege waimbao. Hapa neno lilelile la Kiingereza linabeba maana ya asiye na madhara. Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo riwaya inapostahili kuulizwa maswali makali kuliko yanayoulizwa kwa kawaida madarasani.

Tom ameumbwa asiweze kudhuru. Mkono mmoja haufanyi kazi, sauti ni ya upole, adabu haina doa, na kosa lake pekee ni huruma. Msomaji anaongozwa kuamini kwamba hana hatia kwa sababu hana madhara. Lakini mahakama haipaswi kumdai mshtakiwa awe mpole. Vijana wa Scottsboro hawakuwa ndege waimbao. Walikuwa wamedandia treni, na kabla ya kukamatwa kulikuwa na ugomvi kati ya vijana Weusi na Wazungu, na Wazungu wakarushwa nje. Hawakuwa wamembaka mtu, basi. Hawakuhitaji kuwa wema zaidi ya hapo. Ningependa kuona riwaya hii ikifundishwa na swali hili kando yake: kama Tom angekuwa na mikono miwili mizima na ulimi mkali, je, tungekuwa bado na hakika ileile? Jibu la Neema, bila yeye kukusudia, lilikuwa limekaribia hapo. Hakusema Tom alikuwa mtu mzuri. Alisema ushahidi ulikuwa kulia na kushoto.

Swali la insha nalo lina sehemu yake katika lawama, ingawa mwalimu alilirithi tu, kama walimu wengi walivyolirithi. Swali linalodai mhusika anayepoteza moyo wa kitoto humwelekeza mwanafunzi kwa watoto watatu Wazungu waliokaa kwenye roshani wakitazama, na kumwacha chini, kizimbani, yule anayehukumiwa. Riwaya yenyewe imeegemea huko, kwa kuwa msimulizi ni Scout na tunajua kila kitu kinachompata moyoni, ilhali Tom tunamsikia kwa ukamilifu mara moja tu, akihojiwa. Swali lilichukua udhaifu huo wa kitabu na kuufanya kanuni ya kusahihishia. Mwaka uliofuata mwalimu aliligawa mara mbili: sehemu moja juu ya mhusika anayefumbuka macho, sehemu nyingine juu ya mhusika asiye na hatia ambaye ukweli huo haumsaidii. Alama ni kumi kwa kumi.

Katika yaliyofaa, naweka mbele mahojiano ya mdomo. Kilichoyafanya yafae si lugha mbili peke yake, ni kwamba mwalimu aliuliza swali gumu la kweli, lililoweza kuivunja hoja ya mwanafunzi, na mwanafunzi akairekebisha hoja yake badala ya kuitupa. Kama angeulizwa maswali ya kumfariji, wale 12 wangebaki kundi moja, na yule wa ukoo wa Cunningham asingeonekana.

Yaliyoshindikana ni zaidi ya orodha. Wiki mbili za ukimya wa Neema zilipita nikiwapo, na kama mama asingetaka kujua wino mwekundu ule una maana gani, jambo lingeishia kwenye ile karatasi iliyokunjwa. Hofu ya mama nayo sikuitarajia, ingawa nilipaswa: kwa familia iliyopita kambini, karatasi yenye maandishi ya ofisini juu ya mtoto haiwi jambo la shule tu. Tangu hapo maoni yote ya insha za wanafunzi wangu nayasoma kabla hawajayapeleka nyumbani, na kazi hiyo haimo katika mkataba wangu.

Na kuna karatasi ya pili. Nilipozipitia insha za wale Wakongo wengine watatu, mmoja alikuwa amemchagua Jem na kuandika kwamba Jem alipoteza innocence yake kwa kuharibu maua ya bibi jirani, Bi Dubose, kisha akaadhibiwa. Alikuwa amesoma orodha ileile na kuelewa maana ileile ya hatia. Bahati yake ni kwamba jina la mhusika lilikuwamo kwenye mwongozo. Alipata 15. Tulijadili kama tumwite, na mwalimu akaona si haki kumshusha mtoto kwa kosa langu, nami nikanyamaza. Karatasi yake haikufunguliwa tena.